Siku Mbili Kabla ya Mto, Hagusi Mtu

Mwanamke amepiga magoti juu ya jiwe, kichwa amekigeuzia pembeni kama anayekwepa moshi, na pumzi ameibana. Mkono wake wa kulia, ndani ya glavu ndefu ya buluu, umezama mtoni. Chupa ya kioo cha kahawia inakunywa maji taratibu, mdomo wake umeelekea kule maji yanakotoka.

Ni saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Chupa ikiwa wazi, hakuna kuongea wala kuhema juu yake. Dereva wa gari la maabara, ambaye kwa kawaida huongea hata na taa za barabarani, amesimama hatua kumi nyuma, mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

Chupa inajaa. Mama anaifunika ikiwa ingali ndani ya maji, anaiinua, anaitazama kwa jicho moja kuona kama kuna povu la hewa limebaki. Halipo. Ndipo anapotoa pumzi.

"Sasa ongea," anamwambia dereva.

"Nimeshasahau nilichotaka kusema. Mama, wewe utaniua kwa maneno ninayoyameza."

Kazini wanamwita Mama Chupa. Ana miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha msikilizaji asogee karibu. Leo, hata hivyo, kusogea karibu hakuruhusiwi. Kila baada ya wiki mbili yeye huchota maji ya mto huu katika vituo vinane na kuyapeleka maabara yakatafutwe kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na harufu wala ladha: kemikali zinazovuruga homoni za mwili.

Akiulizwa homoni ni nini, ana maelezo yake mwenyewe ambayo hayamo kitabuni.

"Ni wajumbe," anasema. "Mwili unamtuma mjumbe: kamwambie huyu akue, kamwambie yule alale, kamwambie mimba itulie. Sasa hizi kemikali ni mtu baki anayebisha hodi kwa sauti ya mjumbe. Anafunguliwa mlango. Hakuvunja kitu, hakuiba kitu. Amefunguliwa tu, kaingia, katoa amri."

Zinatoka kwenye dawa tunazomeza, sabuni tunazofulia, vyombo vya plastiki tunavyotumia, dawa za kuua wadudu shambani. Zinapita mwilini au kwenye mfereji, zinafika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka yaliyo kando ya kituo cha nne, na nyingi zinatoka upande wa pili kama zilivyoingia. Mabwawa yale yalichimbwa kuua vijidudu, na vijidudu yanaviua. Hayakujengwa kwa ajili ya wageni hawa.

"Watu wanataka niwaonyeshe mwizi," anasema akiifunga chupa kwa karatasi ya alumini. "Sina mwizi wa kuwaonyesha. Ni sisi sote. Tunameza, tunafua, tunakwenda haja. Mto unapokea tu. Haujui kukataa."

Jambo lenyewe lilianzia kwa samaki. Mtafiti mmoja aliwapasua madume kumi waliovuliwa chini ya mabwawa, akakuta wanne wana mayai tumboni. Hapo ndipo maabara ilipoanza kuyapima maji kwa kipimo hiki, miaka minne iliyopita.

Kiasi kinachotafutwa ni kidogo mno. Chukua robo kijiko cha chai cha sukari, imwage katika mabwawa mia nne makubwa ya kuogelea, koroga. Utamu huo ndio Mama Chupa anaotumwa kuutafuta.

Ndiyo maana adui mkubwa wa kazi yake si mto. Adui ni mwenye kuchota. Mtu aliyejipaka losheni asubuhi amebeba viganjani kemikali nyingi kuliko atakazokuta majini. Kwa hiyo ofisi ina sheria: mchotaji asijipake mafuta, asijipulizie manukato, asioge kwa sabuni yenye harufu, asishike hata risiti ya dukani, maana karatasi ile laini nayo ina yake. Gari lisijazwe mafuta siku ya safari.

"Mke wangu analalamika," dereva anasema wakipanda kurudi barabarani, yeye amebeba sanduku la barafu, mama amebeba chupa. "Anasema siku za mto natoka nyumbani sina harufu, kama chumba cha kupanga kisicho na mpangaji."

Mama Chupa anacheka bila sauti, mabega tu.

Sheria moja haimo kwenye karatasi ya ofisi. Hiyo ni yake, aliitunga mwenyewe miezi mitano iliyopita: siku mbili kabla ya mto, hagusi mtu.

*

Ili kuelewa sheria hiyo, lazima kwanza umjue shahidi.

Ndani ya sanduku la barafu zimo chupa tisa. Nane ni za mto. Ya tisa imejazwa maji safi kabisa maabara, na haina kazi nyingine isipokuwa kusafiri. Inakwenda kila kituo. Chupa ya mto ikifunguliwa, nayo inafunguliwa. Ikifungwa, nayo inafungwa. Inavuta hewa ile ile, inapita mikono ile ile. Maabara wanaiita sampuli ya ulinganisho. Mama Chupa anaiita shahidi.

"Yeye haongei habari za mto," anaeleza. "Anaongea habari zangu. Akikutwa na kitu, maana yake nimekileta mimi."

Na shahidi akikutwa na kitu, chupa zote nane za siku hiyo zinamwagwa.

Kinachomnyima usingizi ni kituo cha tano. Pale, chini ya daraja la waenda kwa miguu, kuna pampu inayosukuma maji kwenye nyumba zipatazo elfu nne, nyumba yake ikiwamo. Matokeo ya kituo hicho yamekuwa mabaya tangu mwanzo. Lakini kamati ya maji haiwezi kuhamisha pampu kwa neno la mtu. Inataka matokeo matatu mfululizo, moja kila baada ya miezi miwili, kila moja likiwa na shahidi safi. Yakipatikana, pampu itapandishwa kilomita moja na nusu, juu ya mabwawa. Mabomba ya kazi hiyo yameshanunuliwa. Yamelala kando ya barabara mwaka wa tatu huu, majani yameota juu yake.

Miezi sita iliyopita alikuwa na mawili mkononi. Akapeleka la tatu. Siku tatu baadaye mkemia wa maabara, kijana wa umri wa mwanawe, alimwita mbele ya kompyuta bila kumtazama usoni.

"Mstari wa shahidi unatakiwa kulala kama barabara ya tambarare," anakumbuka. "Siku ile ulikuwa na kilima. Mkemia akaniambia jina lake. Ni ile dawa inayotiwa kwenye losheni isivunde."

Chupa nane zilimwagwa kwenye pipa la taka za maabara. Yale matokeo mawili ya mwanzo nayo yakafa, kwa sababu mfululizo ulikatika.

Dereva alijaribu kumfariji kwa namna yake. Walikuwa wawili tu kwenye maegesho. "Mama, ile chupa ina maji safi tu, si ya mtu yeyote. Ingeweza kuvunjika njiani. Chupa zinavunjika."

"Shahidi akisema usilolitaka," alimjibu, "humvunji meno."

Dereva hajalirudia neno hilo tena. Leo akiulizwa anainamisha kichwa. "Nilikuwa namwonea huruma. Mtu anaweza kusema jambo baya kwa huruma."

Kwa wiki tatu, kila saa ya chakula cha mchana, Mama Chupa alibaki maabara peke yake akitafuta kilipotoka kile kilima. Alipima glavu. Alipima karatasi ya alumini, vifuniko, barafu, kamba ya sanduku. Vyote safi. Alipima maji aliyonawia. Safi. Jumapili moja, akipiga pasi nyumbani, pasi ikapita kwenye upindo wa mkono wa blauzi yake ya kazi na kuacha doa linalong'aa.

Akachukua mkasi. Akaukata upindo, kesho yake akaupeleka kwa mkemia, wakauloweka, wakaupima. Kilima kile kile.

"Nilikuwa nimenawa mara tano siku ile," anasema. "Mara tano. Sikufikiria upindo wa blauzi."

Blauzi hiyo ndiyo aliyovaa leo. Mikono yote miwili ameikata hadi viwikoni.

Mafuta yale yalikuwa ya miguu ya mama yake.

*

Wanaishi wawili, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ukumbi mwembamba. Mama mzazi ana miaka themanini na moja. Macho yake yalizimika miaka minane iliyopita, moja likitangulia na la pili likifuata. Tangu hapo anawatambua watu kwa harufu. Jirani, fundi cherehani, ana harufu ya mafuta ya mashine na sabuni ya kipande. Dereva ananuka gari hata siku ambayo hajaendesha. Muuza maziwa, bikizee anasema, "huyo namjua akiwa bado kwao."

"Kila mtu ana jina lake puani," bikizee anaeleza. "Huyu wangu tu ndiye hana. Akiingia ni kama upepo umesukuma mlango. Nauliza, nani? Kumbe mwanangu."

Kwa hiyo binti alitafuta njia. Karibu na mlango wa chumba cha mama yake kuna msumari, na kwenye msumari imening'inizwa chupa ya kahawia iliyopasuka mdomo, isiyofaa tena kwa kazi, na kijiko. Akiingia, hugonga mara mbili. Mama yake hujibu kwa kugonga fimbo sakafuni.

Miguu ya bikizee hukauka ikapasuka visiginoni mpaka ikatoa damu. Isipopakwa mafuta jioni, usiku hapati usingizi. Kwa miaka kazi hiyo ilikuwa ya bintiye, na ndiyo ilikuwa saa yao ya kuongea. Tangu kile kilima kwenye mstari, siku mbili kabla ya mto kazi hiyo anaifanya fundi cherehani.

Alijaribu glavu mara moja. Mama yake aliuvuta mguu.

"Alisema, unanishika kama maiti," Mama Chupa anasimulia, macho yakiwa barabarani. Gari linaelekea kituo cha nne. Dereva anapunguza mwendo.

Jana jioni fundi hakuja. Mjukuu wake alikuwa na homa, akatuma ujumbe. Bikizee alikuwa ameshakaa kitandani, miguu ameinyoosha, kopo la mafuta pembeni.

"Fundi haji leo, mama. Mjukuu wake anaumwa."

"Basi nipake wewe."

"Kesho ni mto."

"Mto una visigino?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Mto una visigino vinavyopasuka? Mto ndio uliokuzaa?"

Bikizee akageukia ukutani. Binti akavuta kigoda, akakaa kizingitini. Kila baada ya muda mfupi aligonga chupa kwa kijiko, mama ajue kwamba yupo. Fimbo haikujibu.

"Sikumlaumu," anasema. "Alichosema ni kweli. Na ninachofanya nacho ni kweli. Kweli mbili zikikutana kwenye mlango mwembamba, moja lazima isubiri nje."

Kusubiri nje amekuzoea. Harusi zikiangukia siku zake mbili, husimama getini, akapunga mkono, akaondoka. Mwanzoni walimwona ana maringo. Siku hizi hawamwaliki. Hana ugomvi na mtu. Ila simu yake, anasema, ni ya kuangalizia saa.

Binti yake mmoja anafanya kazi mji mwingine, na kila mwisho wa mwaka humtumia chupa ya manukato. Ziko sita kwenye rafu ya chumba chake, ndani ya maboksi yake, hazijafunguliwa.

"Hajui kazi yangu inavyokwenda," anasema. "Nami sikumwambia. Ningemwambia angeacha kuleta. Halafu ningebaki na nini?"

*

Kituo cha tano. Mvua ya juzi imeacha ukingo wa mto laini kama sabuni. Mlinzi wa pampu, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, anatoka kwenye kibanda chake na kunyanyua mkono kwa mbali.

"Shikamoo ya huku huku, Mama Chupa!"

"Marahaba ya huku huku, baba. Mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Wewe mwenye kupima ndiye mkubwa. Haya, niambie. Maji haya tunywe au tusinywe?"

Kila mara anamwuliza hivyo, na kila mara jibu ni moja. "Bado sijui."

"Miaka minne hujui?"

"Ninachokijua bado hakijawa neno la kusemwa."

"Na wewe nyumbani kwako unakunywa?"

"Nakunywa. Na mama yangu anakunywa."

"Unayachemsha?"

"Nayachemsha. Hizi hazifi kwa moto."

Mzee anatikisa kichwa, wala hakasiriki. Anasogea kando kumpisha.

Mama Chupa anashuka. Mkono mmoja umeshika chupa ya mto, mwingine umeshika shahidi. Anafika kwenye jiwe lake la siku zote, anafungua vifuniko vyote viwili, anabana pumzi, anainama. Mguu wa kushoto unateleza.

Haanguki kwa kelele. Anakaa chini tu, polepole, mpaka tope linafika kiunoni, na mikono yote miwili imebaki juu, chupa zikiwa wima, kama anayewavusha watoto wawili kwenye maji mengi.

Mlinzi ameshafika. Ameinama, mkono wake mpana ameunyoosha. "Shika, mama!"

Anatikisa kichwa. Bado amebana pumzi.

"Shika mkono, utazama!"

Anatikisa kichwa tena. Kwa magoti na viwiko anajisogeza, kipande kwa kipande, mpaka kwenye jiwe. Anakifunga kifuniko cha shahidi kwanza. Ndipo anapohema, kwa nguvu, kama aliyetoka chini ya maji.

Mlinzi bado amenyoosha mkono hewani. Uso umembadilika.

"Kwani mkono wangu una ukoma?"

"Mkono wako una sabuni, baba."

Mzee anautazama mkono wake, mbele na nyuma, anaupeleka puani. Kisha anacheka mpaka anakohoa. "Ee, kweli! Nimenawa sasa hivi. Leo ndiyo mara ya kwanza kukataliwa kwa sababu ya usafi!"

Naye anacheka, lakini kicheko chake kinaisha mapema. Anabaki ameketi juu ya jiwe kwa muda, tope likimdondoka. Tangu juzi asubuhi, huo ulikuwa mkono wa kwanza kunyooshwa kwake.

Chupa ya mto, iliyokuwa bado tupu, anaitenga. Anavua glavu, anavaa nyingine, anachukua chupa ya akiba inayokaa mkobani, anachota upya. Halafu anatoa daftari kwenye mfuko wa kifuani, analifungulia juu ya jiwe, na kuandika kwa penseli: saa 3:20, mchotaji ameteleza. Shahidi alikuwa wazi. Hakuguswa. Pumzi: imebanwa, isipokuwa labda mwanzoni.

Dereva anasoma kwa mbali. "Hiyo 'labda' ya nini, mama?"

"Kwa sababu sina hakika."

"Itakuponza."

"Huenda."

Kamati inakaa wiki ijayo. Tangu kile kilima ameshapata tena matokeo mawili, mashahidi wote safi. Hili la leo ndilo la tatu. Likiharibika, kamati itakaa tena baada ya mwaka mzima, na mabomba yataendelea kuota majani.

*

Maabara ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe na feni isiyowashwa siku za kipimo. Mama Chupa ameshabadilisha nguo. Miaka ishirini na minne iliyopita aliingia kwa mlango huu huu akiwa muosha chupa, mwenye elimu ya darasa la saba. Alijifunza kwa kunakili maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi na kuyauliza moja moja, neno moja kwa siku, asimchoshe mtu. Madaftari hayo anayo bado, kumi na moja. Cheo chake kwenye orodha ya mishahara hakijabadilika: muosha vyombo.

Mkemia anapima joto la sanduku. Nyuzi tatu. Vizuri. Anafungua daftari la uwandani, anasoma, anarudia kusoma.

"Mama, umeandika mpaka ulivyoanguka?"

"Nimeanguka."

"Lakini chupa haikuguswa."

"Hilo mwulize shahidi. Mimi leo ni mshtakiwa."

Mkemia anatabasamu, halafu anaacha. "Kuna watu wana digrii mbili," anasema baadaye, mama akiwa mbali, "na hawajawahi kuniletea kosa lao wenyewe mkononi. Huyu alikata blauzi yake akaniletea kitambaa. Nilishindwa hata kumpa pole."

Kazi inaanza. Maji yanachujwa, kisha yanapitishwa tone kwa tone katika vichujio vyenye ukubwa wa kidole, ambavyo hunasa kemikali na kuacha maji yapite. Lita moja huchukua zaidi ya saa tatu, na mashine ina nafasi tatu tu. Kilichonaswa ndicho kitakachowekwa kwenye visahani vya hamira, ndugu ya ile ya mkate, iliyofugwa iwe na mlango unaoitika homoni. Rangi yake ni ya manjano. Akibisha hodi yule mjumbe wa uongo, inageuka nyekundu.

"Inaona haya," Mama Chupa anasema. "Hamira ina aibu kuliko sisi."

Anapanga chupa tatu za kwanza: shahidi, kituo cha kwanza, kituo cha pili. Anafungua bomba dogo. Tone linatungika, linafikiri, linadondoka. Anavuta kigoda na kukaa akiyatazama matone. Huwezi kuyaacha, yakienda mbio kichujio hakinasi. Mkemia ana kazi chumba cha pili. Dereva ameenda zake. Kwa saa tatu na nusu hakuna anayeingia. Mara moja tu anasikika akisema, kama anayemwambia aliyeketi kando yake, "Taratibu, hakuna anayetufukuza."

Saa kumi na nusu chupa tatu zimekwisha. Sita zimebaki kwenye jokofu, ya kituo cha tano ikiwa katikati. Saa kumi na moja mlango mkuu hufungwa, na sita haziwezi kuisha kwa nusu saa. Kesho watamalizia. Kesho kutwa hamira. Kisha mashine ya mkemia itachora mstari wa shahidi, na mstari utalala au utapanda kilima.

Kwa kuwa kazi haijaisha, kesho ataingia tena kwenye chupa kwa mikono ile ile. Kwa hiyo na jioni hii hagusi mtu.

Anaandika kadi kwa herufi kubwa: USIGUSE, KESHO. Anaibandika kwenye jokofu, na kuikandamiza pande zote nne kwa kidole gumba.

Mlangoni anaulizwa: shahidi akiwa safi, na kamati ikikubali, atafanya nini?

Anatia penseli mkobani.

"Pampu wataihamisha wao, mimi si fundi bomba," anasema. "Mimi nitaomba likizo. Wiki mbili. Sijawahi kuchukua wiki mbili. Siku ya kwanza nitafungua manukato ya binti yangu, yoyote, sitachagua. Nitajipaka shingoni. Halafu nitaingia chumbani kwa mama bila kugonga ile chupa. Nikae tu karibu yake. Nione kama atanijua."

Anaifunga zipu ya mkoba. "Na asiponijua, nitajipaka tena kesho yake. Mtu hujifunza harufu kama anavyojifunza neno. Moja kwa siku."

*

Jua linaelekea kuzama anapofika kwake. Fundi cherehani yuko uani kwake, amempakata mjukuu, anapunga mkono: homa haijashuka, leo pia hatakuja. Mama Chupa anamwitikia kwa kichwa.

Ndani kuna giza kidogo. Anavua viatu, anasimama kizingitini. Kitandani mama yake amelala, uso ukutani, kama alivyomwacha asubuhi. Anachukua kijiko. Anagonga mara mbili.

Fimbo haigongi.

Anakaa kwenye kigoda. Anagonga tena.

"Leo unanuka tope," bikizee anasema bila kugeuka.

"Nilianguka mtoni."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Alikuwapo wa kukuinua?"

"Alikuwapo." Anakizungusha kijiko vidoleni. "Sikumpa mkono."

Kitanda kinalia. Bikizee anajigeuza polepole, anashusha miguu, anapapasa sakafuni mpaka anaipata fimbo. Visigino vyake vimefungwa vitambaa, vibaya, kwa mafundo makubwa ya mtu asiyeona.

"Umemaliza?"

"Bado. Zimebaki sita."

"Zitaisha lini?"

"Kesho, mama."

Bikizee ananyoosha mkono pembeni, analipata kopo la mafuta. Anakikaza kifuniko kwa viganja vyote viwili, analisukuma chini ya mto wa kulalia.

"Basi kaa hapo hapo mlangoni," anasema. "Usije ukaniharibia kazi."

Halafu anainua fimbo, na kugonga sakafu mara mbili.